Dari ya Chumvi

"Anzia pale ulipofunga maji," Inspekta Tupokigwe alisema. "Usiruke kitu."

Gaspar alikuwa peku. Viatu vyake na mkanda vilikuwa kaunta tangu jana, siku aliyokamatwa, na suruali alikuwa ameishikilia kwa mkono mmoja.

"Nimeshaeleza mara kibao, afande."

"Hujanieleza mimi."

Mambo yenyewe yalikuwa mafupi. Jumatatu, Mzee Suleiman Mbwana, mfanyabiashara wa vigae pale Mwenge, alikuja kituoni kuripoti kwamba kidani cha dhahabu cha mke wake mdogo, Salma, kimeibwa nyumbani kwao Mbezi Beach. Mlango haukuvunjwa wala dirisha halikuguswa. Mtu pekee wa nje aliyeingia ndani ya ukuta wao ni fundi aliyekuja Jumamosi kusafisha mashine ya kulainisha maji, ile inayotumia chumvi kuyafanya maji ya kisima yakubali sabuni. Kesho asubuhi fundi huyo alikuwa apelekwe mahakamani. Mtaani hawakungoja kesho. Picha yake ilishazunguka kwenye kundi la WhatsApp la majirani, chini yake maneno kwa herufi kubwa: MWIZI HUYU HAPA.

Gaspar alivuta pumzi. "Nilifunga koki ya mashine, maji yakawa yanapita pembeni, yanakwenda bombani vilevile yalivyotoka kisimani. Halafu nikafunua tangi la chumvi. Juu chumvi imeganda. Ngumu, nyeupe, kama dari. Nikaigonga kwa mpini wa fagio, ikalia kama chumba kitupu. Chini hamna kitu. Ndiyo maana bi mdogo alikuwa analalamika sabuni imeanza kukataa tena. Mashine inafyonza maji, lakini chumvi imening'inia juu, haigusani nayo. Mtu anafunua mfuniko, anaona tangi limejaa, anafunika, anakwenda zake."

"Nani alikuwepo wakati unagonga?"

"Bi mdogo, Salma. Alisimama mlangoni. Nikampa fagio, akagonga mwenyewe. Akacheka kweli. Akasema, kumbe hata tangi linaweza kumdanganya mtu."

"Endelea."

"Nikaivunja dari taratibu, kwa maji ya moto. Ukipiga kwa nguvu utapasua tangi. Nikachota maji yote ya chumvi. Chini nikakuta tope, maana walikuwa wanatia chumvi ya mawe, ile chafu. Nikasugua kwa brashi na sabuni ya vyombo, nikasuuza, nikachomoa bomba dogo lenye boya, nikalisafisha, nikalirudisha. Mwisho nikatia chumvi mpya, ya vidonge. Sikujaza. Niliishia juu kidogo ya nusu."

"Uliiachaje?"

"Legelege. Ukitia mkono unazama mpaka kwenye kiwiko. Na nilimwambia asitie chumvi ya jikoni kamwe, maana ile laini ndiyo inayoganda."

Tupokigwe alisogeza kiti. "Jirani anasema alikuona upande wa Bi Hamida, mke mkubwa. Unatembea kando ya ukuta, unatazama madirisha. Mashine iko upande wa bi mdogo. Kule ulifuata nini?"

Gaspar alitazama vidole vya miguu yake.

"Nilipita tu."

"Gaspar."

"Nimempa mtu ahadi, afande. Si mambo ya wizi. Muulizeni Mama Hamida mwenyewe. Akipenda atasema. Mie sisemi."

"Kesho unakwenda mahakamani, bado unatunza siri za watu?"

"Nikianza kutoa siri za nyumba za watu, nani ataniita tena?" Akaongeza polepole, "Japo sasa hata hivyo, sijui nani ataniita."

Nje, kwenye benchi, Felicitas mke wa Gaspar alikuwa na hotpoti mapajani na simu mkononi. Alipomwona Tupokigwe akasimama.

"Afande, kuna mteja wake mwingine kanipigia. Anataka funguo zake zirudishwe leo leo. Hata hajauliza kama ni kweli."

"Nakwenda kuuliza sasa hivi," Tupokigwe alisema.

Koplo Stanley, aliyekuwa kaunta, alitikisa kichwa. "Afande Tupo, unajichosha bure. Nyumba ile tuliipekua yote. Makabati, magodoro, mpaka mitungi ya unga. Hata lile tangi la chumvi nililifunua mwenyewe. Gumu kama sakafu, hata kidole hakizami. Kidani kimeshauzwa zamani."

Tupokigwe alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka.

"Rudia hapo."

"Kwamba kimeshauzwa?"

"Hapo kwenye kidole."

*

Zilikuwa nyumba mbili ndani ya ukuta mmoja, zikitazamana, ua wa vigae vya maua katikati. Kila nyumba na kibaraza chake, kila kibaraza na bomba lake. Mzee Suleiman alimpokea getini akiwa na msuli na shati jeupe la mikono mirefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilidhani mmeshamaliza. Mtu si mnaye?"

"Tunaye. Naomba kuiona tena mashine."

Mzee alimwongoza nyuma ya nyumba ya Salma, kwenye kibanda cha bati. Mashine ilikuwa vipande viwili: mtungi mrefu wenye saa juu yake, na kando yake tangi jeusi la plastiki, refu kufika kiunoni, lenye mfuniko.

"Hii nilimnunulia Salma," mzee alisema. Sauti yake ililainika. "Ngozi yake haikupatana na maji ya kisima. Mwezi mmoja tu tangu aingie, mikono imemtoka vipele. Ningefanyaje?"

"Maji yake yanakwenda nyumba zote mbili?"

"Upande wa Salma. Hamida ameyazoea ya kisima."

"Na Jumamosi fundi alipokuwa hapa, wewe ulikuwa wapi?"

"Pale." Alionyesha dirisha lililokuwa juu yao moja kwa moja. "Yule kijana ana mdomo, we acha. Kutwa nzima anamchekesha mke wa mtu kwa chumvi. Wewe katika maisha yako umewahi kuona chumvi inachekesha?"

"Ulikuwa dirishani muda wote?"

"Nyumba yangu! Nikisimama dirishani kwangu nalo kosa?"

"Si kosa. Nauliza tu. Kama ulikuwa hapo muda wote, ulimwona akiingia ndani?"

Mzee Suleiman aliinua uso. Alilitazama dirisha lake kana kwamba limemsaliti.

"Kuingia, sikumwona akiingia," alisema hatimaye. "Lakini mtu anayecheka vile na mke wa mtu lazima ana jambo."

"Basi wewe ndiye shahidi wake mkubwa, mzee. Na alipovuka kwenda upande wa Bi Hamida?"

"Hapo sikumwona. Nilikuwa nimekwenda kuswali adhuhuri. Jirani ndiye aliyeniambia. Unaona sasa? Alingoja nimgeuzie mgongo."

"Lakini kidani hakikuwa upande wa Bi Hamida."

Mzee alirekebisha fundo la msuli wake.

"Kingevaliwa lini?" Tupokigwe akauliza.

"Ijumaa hii. Harusi ya Somoe kule Mtoni, binti wa kaka yake Hamida. Jumamosi jioni, kabla sijavuka kwenda kwa Hamida, nilimwambia Salma amwazime mwenzake, avae siku ile moja tu. Si shangazi wa bibi harusi? Nataka wake zangu wawe sawa. Sipendi maneno."

"Salma akasemaje?"

"Alisema sawa. Salma hana neno."

Tupokigwe alifunua mfuniko. Chumvi ilikuwa karibu kufika ukingoni, nyeupe, laini juu kama ukuta uliopigwa lipu. Alibonyeza kwa kidole. Haikubonyea. Pembeni ya kibanda kulikuwa na gunia lililofunguliwa. Alichukua kidonge kimoja cha chumvi, kikubwa kama peremende, akakiweka juu ya ule weupe, akavitazama vyote viwili kwa pamoja. Kisha akakitoa, akafunika.

"Vipi, iko salama?" mzee aliuliza.

"Imejaa," alisema Tupokigwe.

*

Salma aliketi kibarazani kwake, miguu juu ya stuli, akipaka mafuta ya nazi kwenye nywele zilizokuwa zimetoka kuoshwa. Alikuwa binti mzuri na alijua hivyo, na hakuona sababu ya kuficha kwamba anajua.

"Karibu, sista. Nawa hapo, maana naona una vumbi la chumvi."

Tupokigwe alifungua bomba la kibarazani, akasugua sabuni. Povu likamjaa viganjani mpaka likadondoka.

"Umeliona povu hilo!" Salma alicheka. "Nenda upande wa pili ukajaribu. Utamaliza mche mzima wa sabuni, mikono bado inanata."

"Kidani ulikiona lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi asubuhi. Kilikuwa kwenye kasha lake kabatini. Jumatatu nafungua nikisugue kwa ajili ya harusi, kasha tupu."

"Ungekivaa wewe?"

"Sasa nani mwingine? Si changu? Alinivalisha siku ya ndoa, ukumbi mzima unatazama."

Tupokigwe alifuta mikono polepole. "Unadhani fundi ndiye aliyekichukua?"

"Mie fundi sijamtaja. Mume wangu ndiye kamtaja."

"Wewe ungemtaja nani?"

Salma alitupa jicho ng'ambo ya ua, kwenye dirisha lenye pazia la kijani. "Mie simtaji mtu. Ila humu kuna watu kila wakisikia bomba langu linafunguliwa wanafunga dirisha. Kama maji yangu yanapiga kelele kuliko maji mengine. Mwenye kijicho utamjua tu."

"Tangu fundi aondoke, tangi umeligusa?"

"Niliguse la nini? Ile kazi ya fundi."

"Hujaongeza chumvi?"

"Magunia yale, sista? Mikono yangu hii?" Aliinyanyua mikono yake ing'aayo kwa mafuta. Kwenye kidole cha shahada, pembeni ya ukucha, palikuwa na mchubuko mwekundu. Alipoona unatazamwa, akairudisha kichwani.

*

Pazia la kijani lilisogea kabla Tupokigwe hajafika nusu ya ua.

"Afande, mgeni haondoki nyumbani kwangu saa ya chakula," alisema Bi Hamida. "Kama umekuja kunifunga, nifunge umeshiba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nawa."

Bomba la upande huu lilikuwa na ukoko mweupe mdomoni. Sabuni iliteleza, ikaacha ute wa kijivu kwenye vidole, povu halikutoka. Bi Hamida alimtazama akisugua. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mtandio umefungwa vizuri, na mbele yake sinia la wali wa nazi, mchuzi wa changu na mchicha.

Tupokigwe alikula tonge la kwanza. Akala la pili.

"Sema tu, mwanangu," Bi Hamida alisema. "Chapwa. Najua. Nimeaibika, mie mzawa wa pwani, mgeni anakula chapwa kwangu."

"Hamna neno, mama."

"Lipo neno. Nimeingia jikoni leo, naenda kutia chumvi, kopo tupu. Ndipo nikakumbuka. Jumapili mwenzangu alikuja kuniomba chumvi. Nilikuwa na pakiti mbili, akasema, dada nipe zote, nitakurudishia. Hajarudisha. Mtu ana magunia ya chumvi nyuma ya nyumba, mie nakula chapwa!" Alicheka, kicheko kikavu kisichofika machoni.

"Na hukuihitaji juzi na jana?"

"Juzi na jana zamu yake. Nilikula kwake."

Tupokigwe aliweka mkono pembeni ya sinia. "Nieleweshe, mama. Zamu zenu zinakwendaje?"

"Siku mbili mbili. Jumamosi na Jumapili zilikuwa zangu. Jumatatu na Jumanne zake. Leo zimerudi kwangu. Mwenye zamu ndiye mwenye jiko. Wote tunakula kwake, huko kwingine haliwashwi hata jiko la chai. Mzee hapendi masufuria mawili yashindane."

"Kwa hiyo Jumapili jiko lilikuwa huku."

"Huku. Alikula pweza wangu mwenyewe, akaongeza na..." Tonge lilikuwa limefika karibu na mdomo, likabaki hapo. "Sasa ile chumvi alikuwa anapikia nini?"

Tupokigwe alichukua tonge jingine.

"Nilidhani ya kusugulia nyayo," Bi Hamida alisema taratibu. "Hawa wasichana wa siku hizi wanajisugulia kila kitu."

"Mama, lipo lingine. Gaspar alionekana upande wako Jumamosi. Nimemuuliza alifuata nini. Anasema ameahidi kutosema."

Bi Hamida alilirudisha tonge siniani.

"Kesho anapelekwa mahakamani," Tupokigwe aliendelea kwa sauti ileile ndogo. "Mkewe yuko kwenye benchi letu tangu asubuhi. Yeye mwenyewe suruali anaishika kwa mkono. Na bado hajasema."

Bi Hamida alifuta vidole.

"Nilimwita mie," alisema Bi Hamida. "Mzee alipokwenda kuswali. Nilimuuliza, yale maji laini yakivutwa mpaka huku, bomba lipite wapi. Akapima kwa hatua kando ya ukuta, akatazama dirisha la bafuni kwangu. Basi. Nikamwambia asimwambie mtu."

"Kwa nini?"

"Asije mwenzangu akajua natamani maji yake." Alivuta mtandio. "Nimeoga maji ya kisima hiki tangu nilipoingia humu na sanduku langu moja. Kanga zangu zimechakaa humu, nywele zimekatika humu, sikuambiwa nina ngozi. Yeye mwezi mmoja, ikaletwa mashine kwa gari. Usiku nikisikia bomba lake nafunga dirisha. Ndiyo, nafunga. Lakini nimpe yule hilo la kunicheka? Heri nioge tope."

"Na Gaspar?"

"Nilidhani mtamwachia tu, kwa kuwa hana kosa." Macho yake yalishuka kwenye sinia. "Nilinyamaza, mwanangu. Jana jioni nilijiambia, kesho nitasema."

"Mzee alikwambia kwamba Ijumaa utavaa kidani?"

"Aliniambia Jumapili, anatabasamu kama kaniletea Makka. Sikumjibu."

Tupokigwe alimalizia wali wake wote, chapwa vilevile, akanawa. Kisha akasema, "Mama, naomba birika la maji ya moto. Na fagio."

*

Walisimama wanne kwenye mlango wa kibanda. Tupokigwe alianza kwa kufunga koki ya mashine, kama Gaspar alivyomweleza, maji yakawa yanapita pembeni. Halafu akafunua mfuniko na kumpa Salma fagio.

"Gonga."

"Kwa nini mie?"

"Kwa sababu unaijua sauti yake. Jumamosi uligonga ukacheka."

Mzee Suleiman alishtuka kwa neno hilo la kucheka. Salma hakulipokea fagio.

"Basi nitaeleza mimi," alisema Tupokigwe. "Gaspar aliliacha tangi hili limefika juu kidogo ya nusu, chumvi ya vidonge, mkono unazama. Jumanne koplo wangu alilifunua, akakuta sakafu. Leo nimelifunua mwenyewe. Limejaa karibu na ukingo, na juu si vidonge. Ni chumvi laini, ya jikoni, imemwagiwa maji ikaachwa ikauke. Vidonge haviwezi kujigeuza hivi kwa siku chache. Mtu aliongeza. Tena mtu aliyefundishwa hapa hapa kwamba chumvi ikiganda juu, anayefunua mfuniko huona tangi limejaa, anafunika, anakwenda zake. Hivyo ndivyo alivyofanya koplo wangu."

"Mtu gani?" mzee aliuliza, macho yakimwendea Hamida.

"Mtu aliyeomba pakiti mbili za chumvi Jumapili, siku ambayo hakuwa na zamu ya kupika."

Macho ya mzee yalikwama njiani. Bi Hamida alikuwa akitazama bati.

"Salma," Tupokigwe alisema. "Dari hii naweza kuivunja mimi. Lakini nikiivunja mimi, nitakuwa nimekikamata. Ukiivunja wewe, utakuwa umekirudisha. Kesho tukiandika maelezo, mambo hayo mawili hayaandikwi sawa."

Salma aliutazama weupe ule tangini. Kisha akalichukua birika. Alimwaga maji ya moto taratibu, akazungusha, mvuke ukapanda, weupe ukaanza kulegea. Alipogonga kwa mpini, dari ilipasuka vipande. Akakunja mkono wa gauni, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akatoa kopo la siagi lililofungwa kwa mpira. Hakulifungua. Alimpa Tupokigwe, naye akalifungua. Ndani, juu ya leso, kidani kililala kama kilivyotoka kwa sonara.

"Salma!" mzee alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyekalia kiti kisichokuwepo.

"Usiniite!" Machozi yalikuwa yameshamtoka. "Ulinivalisha mbele ya watu. Wakapiga vigelegele. Halafu unataka Ijumaa akivae yeye, mbele ya watu walewale? Watasema nini? Watasema Salma aliazimwa. Watasema hata siku ile ya ndoa kilikuwa cha bi mkubwa."

"Ungeniambia hutaki!"

"Nikuambie, useme nina wivu? Nilitaka kipotee mpaka Ijumaa ipite, basi. Jumamosi ningekiona chini ya kabati. Sikujua utakimbilia polisi."

"Na Gaspar?" aliuliza Tupokigwe. "Jana ulimwona akipandishwa kwenye gari."

Salma alijifuta uso kwa mgongo wa mkono, chumvi ikamwingia jichoni. "Ningesemaje? Ningesema hakuiba, huyu angeniuliza wewe umejuaje. Angesema namtetea. Tangu Jumamosi ananiuliza nilicheka nini. Kila siku, ulicheka nini, ulicheka nini. Nilicheka chumvi! Basi!"

Mzee Suleiman aliitazama sakafu ya kibanda. Aliponyanyua uso alimgeukia Hamida, kama mtu anayetafuta angalau upande mmoja wa nyumba yake ulio salama.

"Unaona, Hamida, nilikuwa nataka tu nyie muwe sawa. Kidani ndicho hiki, Ijumaa utakivaa."

"Kidani nani alikitaka?" Bi Hamida hakuinua sauti. "Mie niliomba bomba. Tangu Ramadhani nakwambia, vuta na huku. Ukacheka, ukasema mie nimeshazoea. Halafu unaniletea kidani cha mwenzangu cha siku moja, nikivue Jumamosi asubuhi nirudishe."

Salma aligeuka akamtazama mke mwenzake. Jicho moja lilikuwa jekundu kwa chumvi.

"Hukukitaka?"

"Nikiweke wapi, mwenzangu? Shingo yenyewe hii."

Tupokigwe alifunga kopo. "Hiki kinakwenda kituoni kwa leo. Kesho asubuhi nyote watatu mtakuja, maelezo yaandikwe upya. Kumpa polisi habari ya uongo ni kosa, Salma, na sitalificha. Nitaandika pia nani aliyeivunja dari. Mzee, simu yako unayo?"

"Ninayo."

"Ile picha ya Gaspar uliirusha wewe."

"Nitaifuta."

"Watu wameshaihifadhi. Rekodi sauti, urushe kundini, kabla sijatoka hapa."

Mzee alishika simu karibu na mdomo. "Ndugu majirani, lile suala letu limekwisha, tunashukuru..."

"Jina," alisema Tupokigwe.

Akafuta, akaanza tena. "Ndugu majirani, kuhusu yule Gaspar fundi, kidani tumeshakipata, kwa hiyo..."

"Uliandika mwizi. Sema hakuiba."

Jasho lilikuwa limemtoka mzee juu ya mdomo. Alimtazama Hamida, akamtazama Salma. Hakuna aliyemsaidia. Akabonyeza kwa mara nyingine.

"Assalaam alaykum majirani. Mimi Suleiman Mbwana. Kidani kimepatikana humu humu ndani kwangu. Gaspar fundi hakuiba. Nilimsingizia."

Akarusha. Simu ya Bi Hamida ililia chini ya mtandio, ya Salma ikalia kibarazani. Halafu ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, mtu aliifungulia kwa sauti kubwa, na sauti ya mzee ikarudi juu ya matofali: hakuiba, nilimsingizia. Nyumba ya tatu nayo ikaanza, imechelewa kidogo, kama mwangwi. Kwa jirani mtu akasema, "Haa! Rudia tena."

Tupokigwe alikuwa ameshampigia Koplo Stanley. "Mpe viatu vyake," alisema. "Na mkanda. Mwambie mkewe kwanza, kabla hujamwambia yeye."

"Na mashine?" mzee aliuliza kwa sauti ndogo, akitazama vipande vilivyoelea tangini. "Itabidi isafishwe upya."

"Tafuta fundi," Tupokigwe alisema. "Kama atakuja."

Salma alikuwa amerudi kibarazani kwake. Mkono mmoja ulikuwa mweupe mpaka kwenye kiwiko, na ule mchubuko wa kidole ulikuwa umeanza kumuunguza. Alifungua bomba, akachukua sabuni, akasugua. Akaongeza sabuni. Akasugua tena kwa nguvu, akatazama viganja vyake, akatazama mdomo wa bomba. Povu halikutoka. Koki ya mashine ilikuwa bado imefungwa.

Bi Hamida, aliyekuwa anavuka ua kurudi jikoni kwake, alisimama. Alimtazama kidogo. Kisha akapanda kibarazani, akaipokea ile sabuni, akachukua kata ya maji na kumwagia mikononi polepole.

"Sugua tu, mwenzangu," alisema. "Halina haraka. Ndiyo maji yetu haya."